Chaguo la Kwanza

Mtu akifa ndipo anaporudishiwa jina lake. Siku tuliyomzika mama pale Nansio, katekista aliposimama kusoma wasifu wa marehemu na kutamka "Nyanjura," niliwaona wanawake wa jumuiya yake wakigeukiana. Walikuwa wamesali naye, wamelima naye, wamebeba naye maji kutoka ziwani, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba ndivyo alivyoitwa. Kwao alikuwa Mama Stella. Stella ni mimi, na tangu nizaliwe hakuna aliyemhitaji mama kwa jina lingine. Hata akipiga hodi kwa watu alikuwa akisema, "Ni mimi, Mama Stella." Fundi aliyetutengenezea msalaba ilibidi nimwandikie jina lile kwenye simu, na bado akanipigia kuuliza kama sikukosea marehemu.

Siku ya kuanua matanga nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ukumbini, na Shangazi Leonida kando yangu, fimbo yake imelala miguuni, akimenya machungwa ya mama kwa kisu kidogo bila kukata ganda. Alikuwa amevuka kutoka Mwanza kwa meli pamoja na magoti yake mabovu, na hakuna aliyemtarajia. Ndipo mwanamume mmoja mwenye kipara akavuta kiti akakaa mbele yetu. Akampa shangazi shikamoo, akanigeukia. "Pole sana, dada. Hunikumbuki. Mimi ni Magesa, nilikuwa na steshenari kule karibu na gati." Nilimwambia duka nalikumbuka, yeye simkumbuki. "Nina jambo nataka kukwambia," akasema. "La ule mwaka ulipokuwa unaomba chuo." Mimi nimeumbwa na shuku, sifichi. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi natazama mkoba wangu uko wapi. Nikaanza kumchunguza huyu Magesa, viatu vyake, mikono yake, alivyokuwa akikwepa macho yangu na kuyatazama machungwa. Lakini kabla hajasema lolote waliokuwa wakishusha turubai wakamwita akashike kamba, naye akaondoka haraka kama aliyeokolewa. Nikabaki na ule mwaka mikononi, na sikuwa nimeuomba.

Ule mwaka niliishi Kirumba, Mwanza, kwa huyo huyo shangazi, baada ya kumaliza kidato cha sita. Nyumba yake imekaa juu ya jiwe, kama zilivyo nyumba nyingi za upande ule, na chumba changu ukuta wake mmoja ulikuwa ni jiwe lenyewe, baridi asubuhi, la moto jioni. Nilikigawana na mikungu ya ndizi iliyoshuka na meli ya Bukoba. Nilizoea kulala na harufu ya utomvu hata nguo zangu zikawa na madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Ukuta wa pili ulikuwa wa mabati, na nyuma ya mabati ndipo palikuwa jikoni. Shangazi alikuwa nesi mstaafu mwenye hoteli ndogo ya chakula: ndizi na maharage, sato wa kuchemsha, ugali kwa wasiojua ndizi. Wafanyakazi wa ofisi walikuja mchana wakakaa kwenye mabenchi uani. Mimi niliwasha moto, nilimenya, niliosha, nilipakua. "Tangu aje huyu mtoto wa kaka yangu," shangazi aliwaambia wateja, "hata mchuzi umejua njia ya kwenda." Wakati ule nililisikia kama sifa. Baadaye niligundua kwamba mtu anayekusifia sana kazi unayomfanyia huenda hana mpango wa kukuacha uondoke.

Nilitaka jambo moja tu duniani, usanifu majengo, na mahali pa kuusomea palikuwa Dar es Salaam. Nilikuwa nachora nyumba tangu darasa la nne, nyuma ya madaftari, juu ya maboksi ya sabuni, na hata kwenye vumbi la uani kwa ncha ya kijiti. Matokeo yangu yaliniruhusu. Kilichobaki kilikuwa kutuma maombi kabla ya dirisha kufungwa, na maombi yenyewe yalikuwa yameanza kufanywa kwa kompyuta, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tumekiona kwenye ofisi ya mkuu wa shule tu, kimefunikwa kitambaa. Kwa hiyo tulikwenda kwa Masalu. Masalu alikuwa kijana wa Kisukuma, mcheshi, mwenye steshenari ya chumba kimoja, kompyuta chache na mashine ya fotokopi iliyopiga kelele kama kinu. Hakumruhusu mteja kugusa kibodi. "Wewe taja, mimi naandika," alisema. Nasi tukataja. Namba ya mtihani ya kidato cha nne, ndiyo ilikuwa mlango. Jina la ukoo kwa herufi kubwa, ndilo lilikuwa neno la siri. Hivyo ndivyo walivyofanya wote, kila steshenari, kila mji. Tulisimama kwenye foleni tukatangaziana siri zetu kwa sauti kama matangazo ya vifo redioni, na hakuna aliyeona ajabu.

Nikaweka usanifu majengo chaguo la kwanza. Nikashuka na mengine, na chini kabisa nikaweka ualimu katika chuo kimoja cha hapo hapo Mwanza, kwa sababu mama alinipigia akanisihi. "Weka na hicho, mwanangu, kikusaidie." Nilimwekea ili kumridhisha. Alikuwa akitutumia kapu la machungwa kwa meli, juu yake michembe ya viazi vikavu iliyofungwa kwenye kitenge, na kila kapu lilipofika alipiga simu kuuliza kama machungwa hayakupondeka, kisha kama maombi yanakwendaje. Nilifurahi. Nilimwona ndiye mtu pekee aliyejali.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Masalu achape nakala nimwonyeshe shangazi, maana alitaka kuona jina la ukoo wake kwenye karatasi ya chuo kikuu. Karatasi ikatoka ya moto. Chaguo la kwanza, ualimu. Usanifu majengo umeshuka chini kabisa. Nilimtazama Masalu, naye akatazama karatasi. "Dada mhandisi, mfumo huu una mambo yake," akasema. Nikamwambia mfumo hauna mikono. Akacheka, akanirudishia mambo yalivyokuwa, nami nikasimama nyuma yake nikiangalia kila kidole chake. Siku chache baadaye nikapita tena, si kwa kuchapa, kwa kukagua tu. Ualimu ulikuwa umepanda juu tena.

Hapo nikajua kuna mtu. Mwanzoni nilimshuku Masalu, lakini Masalu angepata nini? Ndipo mchana mmoja, nikiwa chumbani nabadilisha kanga, nikamsikia shangazi nyuma ya mabati akimpakulia mteja wake wa kila siku, karani mmoja wa bandarini. "Huyu hatoki hapa, waitu," alisema kwa Kihaya chake cha kubembeleza. "Chuo si kiko hapo hapo? Asubuhi anapika, mchana anasoma. Dar kuna nini? Joto na wezi." Karani akasema, "Na mchuzi huu aende nao Dar, sisi tule nini?" Wakacheka. Nikakaa juu ya mkungu wa ndizi, kanga mkononi. Shangazi alijua namba yangu, maana karatasi ya matokeo nilimwonyesha mwenyewe. Neno la siri lilikuwa jina lake yeye kama lilivyokuwa langu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na tangu siku ile sikula chakula cha shangazi yangu kwa amani.

Nikawa askari ndani ya nyumba ya watu. Karatasi yangu ya matokeo niliiweka chini ya godoro, juu yake nikaweka punje ya mchele, ili nijue ikiguswa. Asubuhi punje haikuwepo. Nikapata uhakika wangu. Sikufikiria panya, ingawa nyumba yenye mikungu ya ndizi ina panya kuliko watu. Shangazi akitoka kwenda sokoni nilihesabu amechelewa kiasi gani. Akiniuliza, "Mbona hunywi chai?" nilijiuliza kwa nini anataka ninywe. Akanipa kipande kikubwa cha sato, upande wa tumbo wenye mafuta, nami nikakitazama kama anayehongwa. Alikuwa na mazoea ya kuniwekea senene wake wa kukaanga kwenye kisosi, wachache, maana walikuwa adimu, na Mhaya akikugawia senene amekupa moyo. Niliwaacha kwenye kisosi mpaka wakalegea. Alivikusanya visosi vile bila kusema neno, na kunyamaza kwake nako nikakuandika kwenye mashtaka.

Mama pekee ndiye niliyemweleza. Simu ilishika vizuri nikipanda juu ya jiwe uani, hapo nilisimama kama mwadhini nikipiga kelele, kwa sababu mtandao wa kisiwani ulikuwa ukikatika na mama naye alisikia vizuri akipigiwa kelele. Nilipomwambia kwamba kuna mtu anahamisha chaguo langu, alisema, "Mwanangu, mjini kuna watu."

"Watu gani, mama?"

"Watu. Huyo shangazi yako mwangalie. Mimi sisemi kitu, ila mwangalie."

Hakusema kitu, kweli. Lakini maneno yake yalinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Kesho yake nikamwomba Masalu anionyeshe namna ya kubadilisha neno la siri, na kwa mara ya kwanza nikamwambia asimame mbali, nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Nikarudi juu ya jiwe kumpa mama habari. Alifurahi, akauliza nimeweka neno gani. Nikamwambia si la kutajwa. "Sawa," akasema, "lakini ukiugua huko, ukafa, nani atajua? Mimi nimekuzaa, unifiche nini?"

"Nimeweka jina la bibi."

"Bibi yupi? Sisikii."

"Kabula, mama! Kabula!"

Chini ya jiwe, shangazi alikuwa akimenya ndizi. Kisu kikasimama. Nilimwona akiinua kichwa kunitazama, kisha kisu kikaendelea. Nilishuka nikiwa nimejilaani. Jioni, tukila, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo Kabula ni nani, unayemwita mpaka majirani wanatoka nje?" Nikasema ni rafiki yangu wa shule. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili.

Na kweli, nilipofungua tena, ualimu ulikuwa juu. Sikulia, nilikuwa nimepita kulia. Nikampigia mama. Hakushangaa kama nilivyotarajia, aliuliza tu, "Ulipokuwa unaniambia lile neno, shangazi yako alikuwa wapi?"

"Chini yangu pale, anamenya ndizi."

"Basi," mama akasema.

Neno lile moja lilimaliza kesi. Sikumhitaji shahidi mwingine. Nikaacha kumwita shangazi kwa jina lolote, nikawa nasema "chakula tayari" kwa hewa.

Siku ya mwisho ya maombi, Kirumba haikuwa na umeme. Masalu alikaa mlangoni pake akijipepea kwa boksi, akanishauri nikimbilie katikati ya mji, huko kuna jenereta. Nilimwacha shangazi na sufuria zake wakati wateja ndio wanaingia, akaniita, "Stella! We Stella! Nani atapakua?" Sikugeuka. Nilikwenda kwa miguu, kandambili moja ikiwa imekatika, nikapata chumba kilichojaa vijana wa rika langu waliokuwa na nyuso za waliofiwa, wote wamesubiri mpaka siku ya mwisho kama tulivyolelewa. Zamu yangu ilipofika mchana ulikuwa umekwisha nguvu. Nikafungua. Ualimu juu. Nikaupeleka chini kwa chuki, nikaupandisha usanifu majengo, kisha nikakaa natafuta neno jipya, huku walio nyuma wananisonya.

Nilitaka neno ambalo shangazi hata akikesha asingeliwaza. Nikapitisha majina kichwani. Jina la babu alilijua. La kisiwa alilijua. Ndipo nikakumbuka kwamba katika miezi yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akimtaja mama kwa jina. Alimwita "Mama Stella," au akikasirika, "yule wa visiwani." Hakuna mtu aliyemwita vinginevyo. Lilikuwa jina linalokaa kwenye kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo tu. Nikaandika Nyanjura. Nikalirudia kama mfumo ulivyotaka, nikatuma, nikasubiri mpaka maandishi ya kukubaliwa yakatokea. Nilitamani kumpigia mama palepale. Simu haikuwa na salio, na miguu ilikuwa inauma, nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake dirisha lilikuwa limefungwa. Nilipanda juu ya jiwe nikamwambia mama kila kitu, kwamba nimewahi, kwamba nimebadilisha neno, kwamba usanifu majengo uko juu na hakuna mkono utakaoufikia tena. Upande wa pili kukawa kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Halo? Mama? Umesikia?"

"Nimesikia," akasema.

Nilichaguliwa. Nilikwenda Dar, nikasoma, nikabaki huko, nikawa narudi kisiwani Krismasi moja na kuikosa ijayo. Shangazi nilimuaga siku ya kuondoka kwa kushika vidole vyake tu, na kwa miaka yote iliyofuata nilimtumia salamu kupitia watu. Mpaka leo nikichora jiko huweka dirisha ambalo aliye ndani anaona nani yuko uani. Wateja wananisifia kwamba nafikiria mwanga na hewa.

Magesa alirudi akiwa ameloa jasho, kamba bado begani. Safari hii hakutazama machungwa. Alisema moja kwa moja, kama mtu anayetua mzigo. "Dada, mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia mama yako machaguo yako. Alikuja na cheti chako cha kidato cha nne, kile alichokuwa anakuwekea. Akasema umekubali, ila huna nafasi ya kwenda kwenye kompyuta. Nami nikaamini. Mara ya tatu nikaanza kushuku, nikamuuliza. Akaniambia, 'Mwanza nitamfikia kwa meli. Dar nitafika kwa nini?'"

Nilimkasirikia mama, na udongo wa kaburi lake ulikuwa haujakauka. Nilimkasirikia kwa lile "mwangalie," kwa lile "basi," kwa visosi vya senene. Na papo hapo nilimwona kwenye ngazi ya meli na kapu lake, nikataka kumkimbilia. Shangazi alikuwa amesikia yote. Aliweka kisu chini.

"Mimi niliamini ni wewe mwenyewe," akasema.

"Mimi?"

"Ehe. Nilidhani unaogopa kwenda, unatafuta wa kumsingizia. Masalu alikuwa mteja wangu, aliniambia yote. Nikasema, huyu binti anacheza na akili zetu. Nikawa nakuangalia." Akanipa kipande cha chungwa. "Tuliangaliana mwaka mzima kama paka wawili, na mwizi anatutumia machungwa."

Nikacheka, katikati ya msiba, mpaka wanawake wa jumuiya wakatugeukia. Nikala lile chungwa. Lilikuwa tamu, na ndipo machozi yaliponitoka.

Magesa alingoja nitulie. "Siku ya mwisho ndiyo inayonisumbua," akasema. "Alikuja dukani jioni, akakaa mpaka usiku. Tuliweka Kabula, likakataa. Akataja la babu yako, likakataa. Akataja kisiwa, akataja mtakatifu wa parokia, akataja hata mbuzi wenu. Nikamuuliza, Mama Stella, hakuna jina jingine ambalo mtoto huyu analipenda? Akafikiri sana. Akasema hakuna. Nikafunga duka. Nimejiuliza miaka yote hii, hivi uliweka nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole kule nyuma ya nyumba, chini ya michungwa, ambako msalaba wa fundi ulikuwa bado unanuka rangi. Magesa alijisogeza, akakaza macho, akasoma kwa midomo, silabi kwa silabi.

"Hilo," akasema, "hakulitaja."